Meno ya Jiliwa

Mulongoy, usinitazame hivyo.
Si mimi niliyeung'ata mtutu wako.
Ni ile spana ya bomba mliyoazima kwa watu wa maji,
yenye meno ya mamba na akili ya mamba.
Ona hapa: mikwaruzo saba shavuni,
na kofia ya mdomo, ile ya kukata mwale,
imekaa upande
kama kofia ya mlevi anayetoka msibani.

Umetoka Upemba siku mbili juu ya lori la mkaa,
bunduki ndani ya kitenge cha mkeo,
karatasi za mbuga ndani ya plastiki, muhuri juu ya muhuri.
Umesema ni tupu. Nimekuamini,
kisha nimefungua chemba, nimetazama, nimetia kidole,
nimetazama tena.
Kaa pale kwenye kreti. Chai imo kwenye chupa.
Bukari itakuja saa saba, kama umeme utakuja.

Karakana hii ilikuwa ya Kyabu, mjomba wangu.
Miaka ishirini na tisa alisimama kwenye mashine ya kukereza
mpaka Kampuni ikaanza kumlipa kwa mifuko ya unga,
halafu kwa ahadi,
halafu kwa kimya.
Alirudi Kampemba na vitu vitatu:
kikohozi,
jiliwa la Kibelgiji lenye uzito wa ndama,
na vipande viwili vya shaba, vipana kama viganja.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, ovaroli ya marehemu kaka
imekunjwa miguuni mara nne.
Shaba ndiyo adabu ya jiliwa, alisema.
Weka kimoja huku, kingine kule,
ndipo ulaze chuma cha mtu katikati.
Jiliwa halijui mgeni wala mwenyeji, linauma tu.
Shaba ni laini. Alama itaingia kwake,
chuma kitoke kizima.

Nikauliza: na shaba je?
Akacheka hadi kikohozi kikamchukua.
Alipopata pumzi akatazama nje,
kule kwenye mlima mweusi wa takataka za tanuru
na dohani isiyotoa moshi.
Hakunijibu.
Alinipa brashi, akasema safisha hesi.

Basi nasafisha hesi.
Tone la mafuta, moja, si mawili.
Kofia inaanza kwa vidole, kwa vidole tu,
na ikigoma narudi nyuma, siisukumi.
Chuma kikisema hapana, kina sababu.
Kisha spana: hii, si ile, si ile nyingine.
Spana iliyopwaya ni kama shahidi wa kulipwa,
inakubali kila kitu, inaharibu pembe.
Mkono usiruke. Vuta polepole, sikiliza
mahali ambapo kukaza kunageuka kuvunja.
Mahali hapo hapajaandikwa popote.

Na mimi niliwahi, usidhani.
Bunduki ya kuwindia ya Mgiriki wa Likasi,
Kyabu kaenda kuzika, mimi na haraka zangu
na spana ya bomba.
Aliporudi hakunipiga.
Aliuza redio yake.
Jioni zile, saa ya habari, alikuwa anakaa
akitazama rafu, pale redio ilipokuwa.

Tayari. Chungulia kupitia huku nyuma:
duara ndani ya duara, kama jicho la kuku.
Mikwaruzo nimeilainisha, nimeipaka dawa ya kutu,
lakini sijaificha. Itawakumbusha wenzako kambini.
Na spana hii nenda nayo. Nakuazima, sikupi.
Ikirudi na mtu mwingine, aje na jina lako.

Hela weka chini ya kopo.

Umeondoka. Nalegeza jiliwa,
natoa vipande vya mjomba, navigeuza kwenye mwanga wa mlango.
Kuna mstari mpya, mwembamba, kati ya mamia.
Napitisha kidole gumba juu yake,
navirudisha mahali pake.